Mafuta ya shea na nta kwa mgonjwa wa kemo na mionzi, haya ndo tuliyotumia na mama mkubwa

Naanza na jibu kabisa maana mwenye mgonjwa ndani hana muda wa kuzungushwa. Haya mafuta ya mgando ya dada wa Sinza, yale yasiyo na harufu, ni mazuri sana kwa mikono, miguu, viwiko na midomo wakati mgonjwa yuko kwenye kemo, zile dawa kali za kansa. Kwa sehemu inayopigwa mionzi usipake mpaka watu wa mionzi wenyewe wakuruhusu, na ngozi ikishachubuka ikaanza kutoa maji usiyaguse tena, hapo ni kazi ya nesi. Kopo dogo elfu kumi na mbili, kubwa elfu ishirini. Nampa nyota nne kwenye tano, na hiyo moja iliyobaki ntaeleza imeenda wapi.

Dada mwenyewe hana duka, anatengeneza nyumbani kwa oda, kopo lake lina karatasi nyeupe imeandikwa vilivyomo na tarehe basi, ndo maana simtaji hapa maana watu mkimvamia wote hataweza. Ila mafuta ya aina hii yanatengenezwa na wadada wengi tu hapa mjini kwahiyo ninachoandika kitamsaidia hata anayenunua kwa mwingine.

Anayetumia ni mama mkubwa wangu, tunaishi nae Tabata. Kansa ya titi. Alianza kemo za dripu, akafanyiwa upasuaji, akaenda mionzi Ocean Road, ile hospitali ya kansa, na sasa yuko kwenye capecitabine, yaani kemo ya vidonge. Yaani ngozi yake imepita kila hatua na kila hatua ina mateso yake.

Watu wote wanajua kemo inaondoa nywele, lakini ya ngozi hawakwambii mpaka uyaone. Dawa zile zinawinda seli zinazojigawa haraka haraka, sasa ngozi, kucha, mizizi ya nywele na utando wa mdomo vyote ni seli za namna hiyo kwahiyo vinapigwa pamoja na ugonjwa. Mama mkubwa alikuwa mtu wa ngozi laini sana, mtu wa Tanga yule, liwa na mafuta ya nazi toka usichana, lakini baada ya dripu za mwanzo tu miguu ikawa inatoa unga, ukimvua soksi unaona magamba madogo madogo yamebaki ndani ya soksi. Midomo ikapasuka pembeni hata kunywa uji akawa anafumba macho. Kucha zikaanza kuwa nyeusi kuanzia chini na viganja navyo vikapiga weusi kwenye mistari. Yeye akadhani damu imeharibika. Daktari akamweleza kwamba ni dawa, kwa sisi watu weusi huo weusi unaonekana zaidi na taratibu unapungua matibabu yakiisha, ndo akatulia.

Sasa kwenye kopo. Vilivyomo ni vitatu tu, mafuta ya shea, mafuta ya nazi na nta ya nyuki, na mimi huo ufupi ndo ulionivuta maana kwenye ngozi iliyochoka kila kitu cha ziada ni nafasi nyingine ya kuwashwa. Shea inatoka kwenye mti unaoota Afrika Magharibi mpaka kaskazini ya Uganda, nta anasema anaagiza Tabora. Hiyo nta ndo inayofanya mafuta haya yaweze kukaa Dar. Mafuta ya nazi yanayeyuka kwenye nyuzi 24 hivi na Dar mchana wowote wa mwaka umeshapita hapo, shea nayo inalegea kwenye joto la mwili, kwahiyo bila nta ungekuwa na kopo la maji maji. Nta inataka zaidi ya nyuzi 60 ndo iyeyuke. Mwezi wa pili, lile joto la kaskazi na umeme umekatika, kopo letu lilikuwa na ulaini wa samli iliyokaa kabatini, halikumwagika, na hicho ni kitu ambacho kopo lingine tulilonunua mahali pengine lilishindwa likachafua mkoba mzima na kadi ya kliniki ndani yake.

Namna ya kupaka ni muhimu kuliko mafuta yenyewe, hili nalisema kwa herufi kubwa. Unachukua kidogo sana, kama punje ya maharage, unasugua kwenye viganja VYAKO WEWE mpaka yawe ya moto na ya kung'aa, alafu unaweka kiganja juu ya mguu wa mgonjwa unabonyeza, unanyanyua, unabonyeza pembeni. Husugui. Mama mkubwa alikuwa anasema "mwanangu niwekee mkono tu usinikune" na kweli ukimwekea hivyo ngozi inakunywa yenyewe. Wakati mzuri ni akitoka kuoga, umemkausha kwa kumgusa gusa na kanga laini ya zamani, ngozi bado ina unyevu kidogo, mafuta yanaufungia ule unyevu ndani usikimbie. Ukipaka kwenye ngozi iliyokauka kau unafungia ukavu. Kuoga maji ya uvuguvugu na sio ya moto. Na dodoki likae mbali, singo ya kusugulia mwili ndo kabisa usiiseme, najua wapwani wenzangu tunaamini mwili usiposuguliwa haujaoga ila mwili huu wa sasa hauwezi.

Kuhusu harufu. Kopo la kwanza alilotuletea lilikuwa la shea ghafi, ile haijasafishwa, ina harufu ya moshi na karanga hivi, mimi mzima niliipenda. Mama mkubwa alinusa akageuka ukutani. Mtu wa kemo pua yake inakuwa kali balaa, harufu ya kitunguu inamfukuza jikoni, sasa umpake mwilini kitu kinachonukia saa ishirini na nne si unamtesa. Nikampigia yule dada, hakubisha, hakusema "wengine mbona wanaipenda", akauliza tu "yuko kwenye kemo wiki ya ngapi dada yangu?" alafu kesho yake boda akaleta kopo la shea iliyosafishwa isiyo na harufu kabisa na lile la kwanza hakudai hela. Na akaniambia kitu ambacho wauza vipodozi wengi hawatakwambia, kwamba zile zake zenye mchaichai na karafuu nisimnunulie mgonjwa hata akipona mpaka daktari aseme. Mtu anayekataza bidhaa yake mwenyewe, huyo mi namwamini.

Maana hapa nyumbani tulipokea kila aina ya chupa jamani. Ndugu wanakuja kuona mgonjwa na kila mmoja ana mafuta yake mkononi, habat soda, nyonyo, mlonge, ubuyu, karafuu ya Pemba, na wote wanayaleta kwa mapenzi huwezi kumkatalia mtu mzima mlangoni. Tulikuwa tunapokea, tunashukuru, tunaweka kabatini. Mafuta ya karafuu hasa ni makali, yanaunguza hata ngozi ya mzima ukiyapaka bila kuchanganya. Mama mdogo mmoja aling'ang'ania amsugue mwenyewe kifua na mafuta ya mlonge siku ambayo mionzi ilikuwa inaendelea, ikabidi nimwambie kwa heshima zote, mama mdogo shikamoo, mafuta nimeyapokea, ila pale wamechora.

Na hiyo ya kuchora ni ishu kubwa kwenye mafuta. Kabla ya mionzi wanapima na kumchora mgonjwa alama kwenye ngozi ili mashine ipige pale pale kila siku, na mafuta yoyote yanafuta wino. Alama ikifutika usichore mwenyewe na kalamu ya nyumbani, unarudi wanachora wao. Kwahiyo mwanzoni mwa mionzi sisi mafuta ya Sinza yalibaki ya miguu na mikono tu.

Kuna hii habari pia watu wanasemeana kwenye foleni kwamba mafuta yanakaanga ngozi kwenye mashine. Tulimuuliza mtaalamu wa mionzi akatueleza vizuri na nikaja kusoma zaidi. Hayakaangi. Tatizo ni unene, ukibandika safu nene, milimita tatu na zaidi, ile safu inaongeza dozi inayoishia juu kwenye ngozi. Kuna utafiti wa Marekani wa 2018 ulipima hivyo ukaona safu nyembamba haina shida ya maana. Lakini kliniki nyingi bado zinataka uje ngozi ikiwa safi na kavu, na wao ndo wanajua wamepanga vipi dozi ya mgonjwa wako, kwahiyo fuata lao. Sisi tuliruhusiwa kupaka kidogo usiku, baada ya kipindi cha mionzi, asubuhi anaoga anaenda mkavu.

Madhara ya mionzi kwenye ngozi hayaji siku ya kwanza. Yanaanza kama wiki ya pili au ya tatu na yanaweza kuzidi hata wiki moja mpaka mbili baada ya mionzi kuisha, hapo ndo familia nyingi wanachanganyikiwa maana wameshasherehekea kumaliza alafu ngozi ndo inachachamaa. Na jambo la kuangalia, vipeperushi vinasema ngozi itakuwa nyekundu. Kwa mtu mweusi hutaona wekundu. Utaona pameiva, peusi kuliko pengine, panang'aa, na ukiweka mgongo wa mkono juu yake bila kugusa sana unasikia joto linatoka. Mama mkubwa mwenyewe alianza kusema panavuta, kama nguo imembana, kabla hata hatujaona rangi kubadilika. Mkisubiri wekundu mtachelewa kumwambia nesi.

Kwapani na chini ya mkunjo palichubuka. Hapo ndo nasema mafuta yanaacha kazi. Ngozi ikifunguka ikatoa maji, mafuta ya nyumbani yanafungia uchafu ndani na hayawezi kuwa ya usafi wa kidonda, tulienda kwa manesi wakamsafisha wakamfunga na bandeji ambazo hazing'ang'anii kidonda na wakampa dawa ya kupaka kwa cheti. Manesi wa pale Ocean Road kwa hili nawashukuru sana, nesi mmoja mtu mzima alimwita "dada" akamkalisha, akamwonyesha namna ya kuweka kitambaa cha pamba kati ya mkono na ubavu ili ngozi isisuguane kwenye lile joto. Kitambaa cha kanga iliyofuliwa sana. Kimesaidia kuliko kopo lolote.

Kulinganisha na vitu vingine tulivyojaribu. Vaseline ya kawaida, ile Original isiyo na harufu, kwa midomo naiweka sawa kabisa na haya ya Sinza na ni rahisi, inapatikana duka lolote la mtaani. Inakaa juu inazuia maji yasitoke, ndo kazi yake. Angalia tu usichukue za kakao au za watoto, zile zina manukato. Ila kwa miguu inakaa sana juu, inateleza kwenye vigae na mgonjwa asiye na nguvu akiteleza bafuni ni balaa jingine, haya ya shea yanaingia ndani ndani ya dakika chache unaweza kumvalisha soksi akatembea.

Binamu yuko Uingereza alituma krimu ya kalendula, ua fulani la dawa, akisema huko kila mtu anaitumia kwa mionzi. Nilisoma kuhusu hiyo. Kuna utafiti wa Lyon Ufaransa wa 2004, wanawake 254 wa kansa ya titi, waliopaka kalendula waliopata michubuko ya kati na mikali walikuwa asilimia 41 na wa krimu nyingine waliyolinganisha nayo walikuwa asilimia 63. Inavutia. Lakini baadae Sweden wakafanya wa kwao na wagonjwa zaidi ya 400, wakailinganisha na krimu ya kawaida tu, wakakuta hakuna tofauti. Kwahiyo kama umeletewa na daktari karidhia tumia, kama hujaletewa usijiumize kuagiza nje kwa laki na kitu. Alovera hali kadhalika, majaribio yake hayajaonyesha faida ya kueleweka kwa mionzi na jani la uani lina utomvu wa njano unaowasha.

Kwa hatua aliyopo sasa, vidonge, mambo ni mengine. Capecitabine inashambulia viganja na nyayo, zinawaka moto, zinavimba, ngozi inamenyuka kwenye vidole. Hapo haya mafuta ya shea peke yake hayakutosha, nasema ukweli. Daktari alimwandikia krimu yenye urea asilimia 10, tunanunua famasi Upanga, hiyo ndo inalainisha na kuvuta maji ndani ya ngozi ngumu, alafu mafuta ya Sinza tunaweka juu yake usiku na soksi za pamba. Urea kwanza shea juu, ndo mpangilio uliotufaa. Kwenye mpasuko usipake urea inachoma. Na haoshi vyombo kwa maji ya moto, havai viatu vya kubana, hatwangi. Nyayo zikizidi kuuma mpaka kutembea shida usiongeze mafuta, mpigie daktari, wanaweza kusimamisha vidonge kwa muda au kupunguza dozi.

Kulikuwa na harusi ya mjukuu mwezi uliopita na alitaka apambwe, ana haki yake, mwaka mzima yuko hospitali. Piko tulikataa kabisa, piko ni dawa ya kutia nywele rangi, inababua hata bibi harusi mzima sembuse viganja vya capecitabine. Akapakwa mafuta haya haya mikononi, akafungwa kilemba cha kanga mpya na akakaa mbele na dada zake. Ngozi ya mikono ilikuwa inang'aa vizuri, watu walimsifia, alifurahi mno.

Sasa malalamiko, sio ya dada wa Sinza. Kabla hatujampata niliingia duka moja la vipodozi Kariakoo nikaeleza vizuri kabisa, nina mgonjwa wa kansa nataka mafuta yasiyo na harufu. Kijana akanipa kopo limeandikwa asilia mbele, nyuma limeandikwa vitu mstari baada ya mstari na manukato yamo. Nilivyomwonyesha akasema "hiyo kidogo tu haina shida". Alafu akaona mikono ya mama mkubwa kwenye picha ya simu, ule weusi wa kemo, akaleta krimu nyingine haina lebo akasema hii inatoa weusi wiki moja. Jamani. Ule ni mkorogo, kwenye vitu vile ndo unakuta haidrokwinoni na zebaki, vimekatazwa kwenye vipodozi nchi hii, na yeye anataka ampake mtu ambaye figo na ini lake tayari vinasafisha sumu ya dawa. Niliondoka. Tafadhali weusi wa kemo usiutibu, uache.

Nyota niliyomkata dada wa Sinza ni hii. Vipodozi toka 2019 viko chini ya TBS, shirika la viwango, na yeye alama ya TBS bado hana, anasema yuko kwenye mchakato. Kwa mtu asiyeumwa ningesema poa, ila kwa mtu ambaye kinga inashuka wiki moja mpaka mbili baada ya kila dripu mi ningependa uhakika wa sehemu inapotengenezwa. Mafuta yasiyo na maji ndani bakteria hawazaliani kirahisi, hiyo inasaidia, lakini kidole chenye maji kikiingia kwenye kopo kila siku mambo yanabadilika. Sisi tulitenga kijiko kidogo cha plastiki, kinaoshwa, kinakaushwa, na kopo la mgonjwa ni la mgonjwa, watoto hawatii mkono. Nilimwambia afikirie kuweka kwenye tyubu ya kubinya, kaahidi, tusubiri. Mfuniko nao ni mgumu kwa mtu ambaye vidole vimekufa ganzi kwa kemo, mama mkubwa hawezi kuufungua mwenyewe mpaka leo.

Akipata alama na tyubu ntampa tano.

Kuagiza sisi tunamtumia ujumbe, usafiri wa boda tunalipa wenyewe, kwetu Tabata ni elfu tano. Na wewe yeyote unayenunua kwake mwambie kabisa ni kwa mgonjwa wa kemo ajue lipi la kukupa. Chukua dogo kwanza, paka kidogo ndani ya kiwiko, subiri mpaka kesho yake, pasipowasha endelea. Na ukienda kliniki nenda na kopo lenyewe mkononi umwonyeshe nesi karatasi ya vilivyomo, usimweleze kwa mdomo tu.